Damu ya Kitovu Kwenye Mtungi wa Mbegu

Nyumba yetu ya Kambarage, pale Shinyanga mjini, ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa cha mtungi. Sisi watoto tulibanana kitanda kimoja, bibi alitandika sebuleni, lakini mtungi ulikuwa na chumba chake peke yake, tena kile kisichopigwa na jua la mchana. Wageni wakiuliza kuna nani mle ndani, mama alikuwa akiwajibu kwamba ni mke mwenzake. Baba hakuwa akicheka.

Baba alikuwa bwana mifugo, na kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za madume ya maziwa zililetwa kutoka kaskazini, zimegandishwa ndani ya mirija myembamba kama mabua ya ufagio, zikatunzwa kwenye mtungi wa aluminiamu uliojaa naitrojeni ya maji. Watu wa kazi ile waliiita hewa baridi. Ukifungua kifuniko, moshi mweupe unapanda kidogo kisha unashuka sakafuni na kukuzunguka miguu. Barafu ya friji ni uji wa moto mbele yake. Ukiigusa inakubabua ngozi. Tatizo lake ni moja: haikai. Hata mtungi ukifungwa vizuri namna gani, inapungua kidogo kidogo, na usipoongezewa nyingine kutoka Mwanza, unakauka, na kila kilichomo kinakufa.

Wafugaji walimcheka sana. Usukumani dume lina jina, lina sifa zake, na mwenye dume zuri hutembea kifua mbele. Sasa anakuja mtu na pikipiki, amebeba dume mfukoni. Kule Tinde walikuwa wakimwita dume la serikali, na kila ndama wa chotara aliyezaliwa na madoa meupe walisema amefanana naye. Baba alivumilia. Alikuwa mtu wa kupima mambo polepole, na kabla hajampandisha ng'ombe yeyote aliyeyusha mrija mmoja, akaweka tone chini ya hadubini ya ofisi, akahakikisha mbegu zinaogelea. Alisema kumpandisha ng'ombe wa mtu kwa mbegu iliyokufa ni wizi.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na sikoseli. Nasema hivyo kwa urahisi sasa; wakati ule ilituchukua muda mrefu kulijua jina hilo, na kabla ya hapo tulilaumu mbu, jicho la jirani, na mizimu ya upande wa mama. Macho yake yalikuwa ya manjano, miguu kama fito. Alikuwa akicheza vizuri asubuhi, jioni akawa anajipinda kitandani, anauma mto ili bibi asisikie. Bibi alisikia. Alikaa naye akimkanda miguu kwa maji ya moto na kumwita "guku, guku," kana kwamba ni babu yake na si mjukuu, kwa sababu kwetu mjukuu hutaniwa hivyo. Mimi nilikuwa naondoka nyumbani, naenda kukaa nyuma ya choo cha jirani, naziba masikio. Sikuwa na moyo wa bibi.

Habari ilianzia dukani. Kulikuwa na mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyeuza dawa za mifugo karibu na soko, na baba alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Mzee huyo alikuwa na mjukuu Uingereza mwenye ugonjwa wa damu unaotembea katika koo zao, mtoto anayeishi kwa kuongezewa damu. Siku hiyo nilikwenda na baba kuchukua dawa ya kupe, na yule mzee alikuwa ametoka kuzungumza na mwanawe kwa simu. Alitukalisha, akaagiza chai.

"Bwana mifugo," alisema, "ile damu watu wote wanatupa! Mtoto akizaliwa, damu inabaki kwenye kitovu, inabaki kwenye kondo. Madaktari wamechukua ya mtoto mchanga, wamempa dada yake, mjukuu wangu, kwa dripu. Inakwenda yenyewe mpaka ndani ya mfupa, inaanza kutengeneza damu mpya. Sasa mtoto yule haongezewi damu tena. Mwenyezi Mungu mkubwa."

"Damu yenyewe inakaaje mpaka wamwekee?" baba akauliza.

"Wanagandisha."

"Kwa kitu gani?"

"Naitrojeni."

Baba aliweka kikombe chini. Mama wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka.

Tangu siku ile baba alikuwa mtu mwingine. Alisema damu ya kitovu ni mbegu, ni mbegu ya damu, na kama mbegu ya fahali aliyekufa zamani Ulaya inaweza kuzaa ndama Tinde, basi hakuna ajabu damu ya mtoto mmoja ikaota ndani ya mwingine. Alizungumza hivyo wakati wa chakula, mbele ya bibi, na bibi aliacha kula. Kwa bibi, mtoto si ng'ombe. Na kondo la nyuma kwake halikuwa uchafu wa hospitali. Kondo lilikuwa mwenzake mtoto, linarudishwa nyumbani likiwa zima, na damu yake yote, linazikwa na wanawake, tena juu kuwe juu na chini kuwe chini, la sivyo mama hazai tena.

"Unataka kumkamua mke wako," alimwambia baba kwa Kisukuma.

Wakabishana majuma mazima. Aliyemaliza ugomvi ni mama. Alikuwa anachambua mchele uani, hakuinua hata uso. "Kondo ni langu," alimwambia bibi. "Wachukue damu, mayu, na wewe uchukue kondo. Mimi nataka mwanangu apone." Baba akainuka kwenda kutafuta vifaa kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Vifaa vyenyewe vilikuwa hivi. Vichupa vya plastiki vya kuwekea damu ya ng'ombe, vyenye dawa ya kuzuia isigande, alivitoa kazini, vipya. Pale kazini alijua kwamba mbegu za dume hazigandishwi kavu. Huchanganywa na kiini cha yai na glisirini ili baridi isizipasue. Kiini cha yai alikiacha, alisema hicho ni cha ng'ombe. Glisirini aliinunua kwa yule mzee wa Kihindi, ile ya kupaka midomo wakati wa kiangazi. Mkunga aliyekuwa jirani yetu alikubali kuvuta damu kwenye kitovu kwa sindano baada ya mtoto kutenganishwa nacho, kwa vile haikumdhuru mtu na ingetupwa tu.

Mama alijifungua mchana, mtoto wa kike, kitindamimba wetu. Baba alikuwa nje ya hospitali na mtungi umefungwa kwenye pikipiki, na mlinzi wa getini akimuuliza ng'ombe yuko wapi. Mkunga akatoka na vichupa chini ya aproni, vya joto. Baba alivichanganya na glisirini palepale kwenye benchi. Akavining'iniza kwanza kwenye moshi juu ya hewa baridi, kama alivyofundishwa, kisha akavizamisha. Bibi alipita mbele yetu na beseni limefunikwa kanga. Alikwenda kuzika alichokuja kuchukua, na hakutuangalia.

Nilifurahi siku ile. Nakumbuka furaha yenyewe, jinsi nilivyorudi nyumbani nikiruka mifereji. Nilidhani mambo yamekwisha, imebaki kumwita daktari tu.

Daktari alikuja baada ya muda mrefu, kwa sababu hakuwa wetu. Alikuwa daktari wa watoto kutoka Mwanza, akipita kila baada ya miezi kuona wagonjwa. Baba alimngojea koridoni na kumweleza kila kitu. Nilikuwepo. Yule daktari hakucheka, namshukuru mpaka leo. Alimkalisha baba akamwambia kwamba habari ile ni ya kweli, kwamba damu ile ina seli zinazozaa damu yote, na kwamba nje huko wameshaanza kuijaribu hata kwa selimundu, ndiyo sikoseli yetu. Lakini ndugu wa tumbo moja hufanana damu kiasi cha kupeana hivyo mara moja tu kati ya nne. Lakini kabla ya kuipandikiza ni lazima kwanza uboho wa ndani ya mifupa ya mgonjwa uuawe kwa dawa kali, na hakuna hospitali nchini inayoweza kumlinda mtoto katika hali hiyo. Lakini damu ya kitovu ni kidogo, na hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Inamtosha mtoto mdogo, mtoto akikua haimtoshi. Na mwisho, alisema kwa upole, hajui kama imegandishwa sawasawa.

Baba aliitikia kila neno. Tulipotoka nje akaniambia, "Umesikia? Amesema ni ya kweli."

Miaka ikaenda hivyo. Baba alipima hewa baridi kwa kijiti: unakichovya mpaka chini, unakitoa, unakipungia hewani, na ukungu mweupe unakuonyesha kimo. Kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kwa kijiti chake. Mirija ya mbegu za madume iliingia na kutoka, vichupa vikabaki chini. Mdogo wangu akawa anakua. Mahali pengine mtoto kuongezeka kilo ni sherehe. Kwetu baba alikuwa akimpima kwenye mizani, anafurahi, halafu uso unamwanguka. Mara nyingine nilimwona akimtazama mtoto anakula ugali, akimtazama mkono na tonge, na sikutaka kujua anawaza nini. Mtoto akiugua na kukonda baba analia, akinenepa anahesabu. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilikasirika nikatamani mtungi uanguke.

Jambo moja sikulielewa. Mtu huyu, asiyempandisha ng'ombe wa jirani bila kuchungulia kwenye hadubini, hakuwahi kuyeyusha hata kichupa kimoja. Vilikuwa kadhaa, kimoja kingeweza kupotea. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyemuuliza, akiwa ameketi mlangoni pa chumba cha mtungi, umri wa darasa la tatu.

"Baba, mbona zangu huziangalii kama za ng'ombe?"

"Bado mapema," baba akasema.

"Si unaangalia moja tu?"

"Nimesema bado mapema."

Baba alifunga mtungi akatoka na pikipiki. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimesoma biolojia, na nilijiona najua. Nilimwambia mdogo wangu kwamba nitamlazimisha baba, au nitachukua kichupa mwenyewe niende nacho shule, tuna hadubini kule. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa daima wa moto.

"Dada, usifanye. Akiangalia atakuta zimekufa. Halafu baba atafanyaje?"

Nikamwahidi sitagusa kichupa wala kumwuliza baba. Nilikwenda nyuma ya choo cha jirani, mahali pangu pa zamani, nikalia.

Kisha zikaja mvua kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona. Barabara ya Mwanza ilikatika madaraja, gari la hewa baridi halikuja, na mdogo wangu akalazwa. Maumivu safari hii yalikuwa kifuani. Mama akahamia wodini, kitindamimba akabaki na bibi. Asubuhi moja baba alichovya kijiti, na ukungu uliojitokeza ulikuwa wa upana wa ukucha. Akaufunga mtungi kwa blanketi, akaniambia nivae viatu vya kukanyagia tope. Nilimwuliza iwapo ni akili kumwacha mtoto wodini tukahangaike na mtungi. Akanijibu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, "Wodini mimi nafanya nini? Nambie, nafanya nini kule?"

Tukapanda lori la mahindi, tukazunguka kwa njia ya Kahama ili tupite nchi ya dhahabu hadi Geita, tukavuke kwa kivuko kuingia Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kuushikilia mtungi usilale. Lori lilizama Bugarama, kwenye mto uliokuwa si mto mwezi uliopita. Wachimbaji wakaja kutusukuma, vijana kwa wazee, wamepakaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope, na baada ya kusukuma bila mafanikio macho yao yakatua kwenye mtungi wetu.

"Mzee, mwangaluka. Hiyo ni zebaki?" mmoja akatusalimia na kuuliza.

"Mwangaluka. Hapana," baba akasema. "Humu kuna da..."

Baba alikuwa hajui kusema uongo; ndiyo sababu hakupanda cheo. Lakini mimi nilijua habari za machimboni. Nilijua wanavyosema dhahabu inafuata damu, na wanavyoulizwa watu wanaotembea na damu wasioweza kuieleza. Damu ya mtoto mchanga, ndani ya chombo kinachotoa moshi, mikononi mwa mgeni. Wangetuzika pale pale kwenye duara, shimo lao la kuchimbia.

"Dume!" nikapaza sauti. "Kuna madume ya ng'ombe humo, ya maziwa. Baba yangu ni bwana mifugo."

Mmoja akaanza kucheka, na wote wakafuata. Wakataka kuona. Baba akafungua, moshi ukatoka, akavuta juu mrija mmoja wa mbegu. Waliruka nyuma kama kuku. "Mzee," mmoja akasema, "ukipata mbegu ya dhahabu tuletee, tuipandishe kwenye mashimo yetu, maana yote ni tasa." Baadaye huyohuyo ndiye aliyeutwika mtungi kichwani na kuvuka nao maji yaliyomfika kifuani, ili tukapande gari lililokuwa ng'ambo. Baba alimfuata nyuma, mikono yote miwili mbele, kama mama anayemfundisha mtoto kutembea. Alipoutua ng'ambo baba alimshukuru, "wabeja, wabeja, ng'wanawane," mara nyingi mno, mpaka yule kijana akaona aibu.

Tulifika Mwanza hewa baridi ikiwa imebaki kama maji ya kunawa. Ukajazwa. Tukarudi kwa njia ileile, na baba hakupita nyumbani, aliingia wodini na matope yake.

"Umejaa," alimwambia mdogo wangu.

"Wabeja, baba," mdogo wangu akasema. Alikuwa anapumua kwa shida, na bado alimtabasamia. Kisha akanigeuzia macho mimi, nikaelewa kwamba ahadi yetu ingali palepale.

Alifariki kabla mvua hazijakatika, alfajiri, mama amempakata. Tulimzika kwenye ardhi iliyolowa hata kaburi likawa linajaa maji, na wanaume wakayachota kwa ndoo. Bibi alimwita "guku" mara ya mwisho. Baba alisimama wima muda wote, akawashukuru watu mmoja mmoja, akamsaidia yule mzee wa Kihindi kupanda tuta la makaburini. Watu walisema amejikaza kiume.

Matanga yakaanuliwa. Barabara ikafunguka, na gari la hewa baridi likaja kama kawaida. Nilikuwa nafagia uani. Nilimwona baba akiburuta dumu la kujazia hadi chumbani, nikamwona mama akiacha vyombo na kumfuata. Nikasogea mlangoni, maana niliogopa. Mama alikuwa hajasema neno zima tangu msibani.

Baba alikuwa ameshafungua kifuniko. Moshi ulikuwa umejaa sakafuni, na kitindamimba alikuwa amekaa katikati yake, anaupiga kwa viganja.

"Baba watoto," mama akasema, "unamjazia nani?"

Baba aliinua dumu, akalishusha. Alitazama ndani ya mtungi, kule chini viliko vichupa, na machozi ambayo hakuyatoa makaburini yakaanza kumtoka, yakidondoka kwenye moshi.

"Ukikauka," alisema, "atakuwa amekufa."

Mama alimwondoa mtoto kando, akachukua kifuniko mkononi mwa baba ili baba apate mikono yote miwili, akainama naye, wakamimina.